Kipande cha Nyumba ya Wabwile

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipotoka Matulo kwa pikipiki kumpeleka mtoto hospitali Webuye. Nakhungu alikuwa amechemka mgongoni mwa mamake, mke wangu Phelista, na lori lilikuwa limeanguka likaziba lami. Nikakata kona kwenye barabara ya zamani, ile mababu walichimba kwa majembe, kila nyumba kipande chake, kabla serikali haijatujua.

Kwanza nilisikia harufu. Udongo mbichi... na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Kisha majembe. Tu. Tu. Tu.

Watu walikuwa wamejipanga barabarani wakichimba, wametupa mgongo. Nikazima pikipiki. Huku kwetu hupiti watu wa barabara bila kushika jembe, au kutaja atakayekuja badala yako.

"Nyumba gani?" mzee mmoja alinong'ona bila kugeuka.

"Ya Wabwile."

"Kipande yenu imelala. Babu yako alitoroka akaenda Kitale."

Phelista akaniwahi, kwa adabu tu, vile anavyojibu kwenye mikutano ya kijiji.

"Mzee, mtoto ni mgonjwa. Shemeji yangu Hillary atakuja. Tuache tupite, tafadhali."

Wakasogea.

Mtoto alipona. Lakini ndugu yangu Hillary aliamka na malengelenge mikononi, udongo mwekundu kwenye kucha. Kila jioni alitoka kuelekea barabara ya zamani. Pasta aliombea nyumba mpaka akachoka. Mwishowe tulimfunga kitandani kwa kamba. Asubuhi fundo lilikuwa vilevile, na Hillary hayupo. Hakurudi tena.

Nilishindwa kuvumilia. Mimi na Hillary tumenyonya ziwa moja, bana! Jioni moja nikabeba jembe, nikaenda kumkomboa.

Nilimkuta mwisho wa mstari, amekonda, anachimba.

"Enda nyumbani," akanong'ona. "Wanataka mtu wa pili. Nimewaambia wewe ulishakufa."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali... wote kwa pamoja.

Nilikimbia mpaka nyumbani, nikabisha hodi. Phelista akafungua, Nakhungu mgongoni.

"Mama Nakhungu, ni mimi!"

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Akafunga mlango.

Ndani, mama yangu akauliza ni nani.

"Si ni upepo tu, mama," Phelista akamjibu. "Lala. Kesho tunamzika Baba Nakhungu."