Dagaa wa Bibi Nyamburi

Kila asubuhi kabla ya shule, mama na mimi tulianika dagaa kwenye mchanga wa Mwigobero, ufukweni mwa ziwa. Tukimaliza, mama alikaa juu ya debe akafungua kitabu chake cha kisomo cha watu wazima. Mwaka ule wa 1975, akina mama wengi wa ufukweni walikuwa wanajifunza kusoma.

Mama alisoma kwa kidole, neno moja moja. Mimi sikuwa na subira.

"Mkulima a-li-pa-li-li..."

"Alipalilia pamba yake mapema!" nilimmalizia.

"Wewe Wankyo, hata kitabu hujakiangalia."

"Najua tu itakavyoishia, mama."

Na mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniponza.

Darasa la saba hakuna aliyenishinda kusoma. Rafiki yangu Dafroza alitoka Bunda, kwa wakulima wa pamba na wafugaji, akawa anaishi kwa shangazi yake, mtaa wa Mwisenge. Yeye alirudiarudia kila sentensi, nami nikambandika jina: Konokono wa Bunda. Alicheka pamoja nasi, lakini sasa najua ilimuuma.

Siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, habari ya ufahamu ilihusu mwanamke anayeanika dagaa. Nilitabasamu peke yangu. Dagaa! Nilisoma sentensi mbili za mwanzo, nikaona neno mvua, nikaona neno kuoza, nyingine nikazipitisha macho tu. Swali la kwanza liliuliza kwa nini dagaa waliharibika. Jibu la kwanza kati ya manne lilisema walinyeshewa na mvua. Nikalichagua bila kusoma mengine. Maswali yote matano niliyajibu hivyo hivyo.

"Muda bado upo, binti," alisema msimamizi nilipoweka kalamu chini. "Kutangulia si kufika."

Nilikunja mikono nikamtazama Dafroza. Kidole chake kilishuka kwenye swali, kikapanda tena kwenye habari, kikashuka tena.

Tulipotoka aliniuliza, "Lile la dagaa umejibu nini?"

"Mvua! Kwani wewe?"

"Mimi nimechagua lingine."

Nilicheka mpaka wenzetu wakageuka. "Mtoto wa wachunga ng'ombe atajulia wapi mambo ya dagaa?"



Mama alikuwa ameshaninunulia sanduku la bati la kwendea sekondari. Matokeo yalipobandikwa mwezi wa Desemba, shule yetu ilikuwa imepata nafasi mbili tu. Jina la Dafroza lilikuwapo. Langu halikuwapo. Niliisoma karatasi ile mara nne, kwa kidole.

"Wamekosea kusahihisha," nilimwambia mama kwa hasira.

Mama hakubisha. Alasiri akaniomba nimsindikize kwenye kisomo. Mwalimu Felisian, aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa, ndiye aliyewafundisha. Siku hiyo alikuwa amenakili ubaoni ile habari ya mtihani, kwa kuwa ilihusu kazi ya akina mama wale. Mama akasimama, akaisoma taratibu:

"Bibi Nyamburi alianika dagaa. Kabla hawajakauka, aliona wingu zito. Akawaanua upesi, akawarundika ndani wakiwa wabichi. Kisha mvua kubwa ikanyesha. Siku ya pili dagaa wote walikuwa wameoza."

"Waliharibika kwa sababu gani?" Mwalimu aliuliza.

"Mvua!" nilisema kwa sauti kutoka mlangoni.

Mama alikwenda ubaoni akaweka kidole chini ya mstari. "Mvua imenyesha, dagaa wameshaingia ndani. Haikuwagusa. Wameoza kwa sababu kawarundika wabichi. Imeandikwa hapa."

"Lakini mama, dagaa wetu wanaharibikaga kwa mvua!"

"Wetu, ndiyo. Hawa ni wa Bibi Nyamburi."

Nilitoka nje nikalia. Niliyakumbuka maswali mengine manne, na jinsi nilivyoyajibu.

Mwalimu Felisian alinifuata. Hakunikaripia, na hilo liliniumiza zaidi.

"Wankyo, macho yako ni mepesi kuliko ya wote niliowafundisha," alisema. "Lakini uliulizwa kilichoandikwa, wewe ukajibu unachokijua. Dafroza hakujua chochote kuhusu dagaa, ndiyo maana ilimbidi asome. Unachokijua kiweke kando kwanza, umsikilize aliyeandika mpaka amalize. Hata na watu ni hivyo hivyo."

"Nimechelewa, mwalimu."

"Kwa mtihani ule, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini kuna masomo ya sekondari kwa njia ya posta. Nitakusaidia kuandika barua. Na huku kwenye kisomo nahitaji msaidizi, kama utaweza kuwasubiri wanaosoma polepole."

Nilikubali. Kesho yake nilibeba sanduku la bati hadi Mwisenge, nikampa Dafroza.

"Nisamehe kwa lile jina la konokono," nilisema. "Na kwa siku ile ya mtihani."

Aliligusa sanduku, machozi yakamlengalenga. "Mimi nilitaka twende wote, Wankyo."

 

Asubuhi iliyofuata, baada ya kuanika dagaa, mama alifungua kitabu chake. Alianza sentensi ndefu. Katikati akakwama, akaniangalia, akingoja nimmalizie kama kawaida yangu.

"Endelea, mama," nilisema. "Nakusikiliza."

Akasoma mpaka mwisho. Sentensi ile haikuishia nilipodhani.