Mluzi wa Kuvusha Ng'ombe

"Mluzi, nyie! Mluzi tu wa mdomo ndio umemvunja mzee wa watu mkono!" Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama Jumanne ile, nikiwa na mchanga mpaka kwenye nywele. Ngoja nivute pumzi, niwaambie kuanzia mwanzo.

Mimi Hana nipo nyumbani Mwamkulu, likizo ya chuo cha ualimu. Kila asubuhi namwamsha mdogo wangu Odeta, yuko darasa la sita. Anafagia uwanja, anakunywa uji, anakwenda shule kwa miguu. Jumanne hiyo alichelewa. Uji wa moto, kiatu kimoja hakionekani, basi nikamsimamisha Gaspar wa bodaboda. Tukapanda wote wawili nyuma yake. Najua, najua! Watatu kwenye pikipiki moja, na msomi ni mimi.

Gaspar anaendesha kama anafukuzwa. Alimpita mama mwenye ndoo kichwani, nusura amguse, halafu yeye ndiye akafoka: "Barabara umejenga wewe?" Odeta akacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mbele tukamkuta Mzee Makarius anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya muhogo mkavu. Pembeni ya barabara, Mzee Makoye, jirani yetu mfugaji, alikuwa amesimamisha ng'ombe wake, anasubiri tupite. Gaspar akapiga honi, pii, pii! Mzee Makarius hasogei.

"Huyu babu kiziwi nini?" Gaspar akafoka.

"Subiri nimswage," Odeta akasema. Akatia vidole mdomoni, akapiga ule mluzi aliofundishwa na Mzee Makoye mwenyewe, wa kuvusha ng'ombe barabara.

Mzee Makarius hakusogea. Ng'ombe ndio walisogea.

Dume la mbele likaingia barabarani, wenzake wakalifuata. Gaspar akakata kona ya ghafla, akaigonga baiskeli. Sisi tulidondokea mchangani, hatukuumia. Mzee Makarius akaangukiwa na magunia, mkono wa kulia ukavunjika. Na mvua ndizo hizo zimeanza, shamba lake halijalimwa hata kidogo.

Alhamisi mwenyekiti wa mtaa akaita watu.

"Mimi nilikuwa mwendo wa kawaida," Gaspar akasema. "Ng'ombe ndio wameniingilia."

Basi wote wakamgeukia Mzee Makoye. Wengine wakataka ng'ombe wake wasipite tena njia ile ya mtoni.

"Ng'ombe wangu wameitwa," akajibu polepole, asimtaje mtoto. "Hawavuki bila mluzi."

"Nani kawaita, mzimu?" mmoja akauliza. Watu wakacheka.

Odeta alikuwa amenishika sketi. Mimi mtu mzima nilijua kila kitu, na nilinyamaza. Yeye, mtoto wa miaka kumi na mbili, ndiye aliyesogea mbele.

"Nimewaita mimi," akasema. "Nilimpigia babu mluzi kama ng'ombe, ili atupishe. Shikamoo babu. Nisamehe."

Mwenyekiti akaniangalia. "Hana, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilicheka."

Gaspar akavua kofia. "Na mwendo haukuwa wa kawaida," akasema, sauti ndogo.

Mzee Makarius akautazama mkono wake uliofungwa. "Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nimekusamehe. Mkono bado."

Leo Jumamosi tumeshinda shambani kwake. Mzee Makoye, yule yule aliyesingiziwa, kaleta ng'ombe na jembe la kukokotwa. Gaspar kashika jembe, jasho linamtoka, hana pa kupiga honi. Mimi na Odeta tunadondosha mahindi nyuma. Mpaka alasiri shamba lote likawa limepandwa.

Wakati wa kuwatoa ng'ombe, Mzee Makoye akamwambia Odeta, "Haya, waite." Odeta akatikisa kichwa.

"Piga, mwanangu," Mzee Makarius akasema. "Mluzi hauna kosa. Baiskeli yenye mzigo, nikiigeuza ghafla inaniangukia. Wewe uliye nyuma unaniona, mimi sikuoni. Kwa hiyo kusubiri ni kazi yako. Ng'ombe anapigiwa mluzi. Mtu anaombwa njia." Akamgeukia Gaspar. "Umesikia na wewe?"

"Nimesikia, mzee."

Odeta akatia vidole mdomoni. Ukatoka upepo mtupu, na machozi. Mzee Makoye hakumlazimisha, akawatoa ng'ombe mwenyewe.

Kesho tukitoka kanisani, ng'ombe wanakwenda mtoni, na Mzee Makoye kamwomba Odeta amsaidie kuwavusha, pale pale barabarani. Nitakwenda naye. Nitaangalia pande zote mbili mimi mwenyewe, halafu nije niwaambie kesho hiyo hiyo kama mluzi umetoka.