Figo Hazipigi Kelele

Mnyororo wa pikipiki ulikatika mbele ya uwanja wa Anastasie, huko Swima, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Anastasie alikuwa ameinama, akitia chumvi samaki wa mikebuka. Aliinua kichwa. Msichana asiyemjua alishuka, begi mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Hodi, mama. Naomba kivuli kidogo. Dereva anatafuta mnyororo."

"Karibu, mwanangu. Kivuli hatuuzishi."

Mgeni aliitwa Goreth. Alikuwa muuguzi wa kliniki moja ya Baraka, naye alikuwa akirudi kutoka Uvira. Alipewa kiti na maji. Kabla hajamaliza kunywa, macho yake yalitua kwenye miguu ya Raphaël, mume wa Anastasie, aliyelala mkekani karibu na ukuta. Miguu ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

"Papa, miguu hiyo ilianza lini kuvimba?"

Raphaël alikuwa kapiteni wa mtumbwi wa kuvua ndakala, wale dagaa wa ziwani. Hakuzoea kuhojiwa na wasichana. Aligeukia ukuta. Aliyejibu ni kaka yake mkubwa, Bonaventure, aliyekuwa amekuja kupanga safari ya mgonjwa.

"Hiyo ni karuho. Sumu! Alikunywa pombe ya kasiksi kwa Claver, muvuvi wake, nyuma yake miguu ikajaa. Kesho tunamupeleka Lulimba. Kule kuko muzee anatapisha bantu mpaka sumu inatoka."

Anastasie aliiogopa safari ile. Jirani yao mmoja alitapishwa vivyo hivyo, akarudi amebebwa, na hakuamka tena. Lakini angemwambiaje shemeji yake?

Goreth alichuchumaa. Alibonyeza mguu wa Raphaël kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Akatoa mashine begini, akamfunga mkononi, akampima. Kisha akampima tena, kama mtu asiyeamini.

"Papa, tansio yako iko juu sana. Tansio ni nguvu ya damu inaposukuma ndani ya mishipa. Ikizidi kwa muda mrefu, inaharibu figo."

"Figo? Mi siumwi figo. Ni mugongo tu, na dawa yake iko."

"Dawa gani?"

Raphaël alitoa kopo dogo chini ya mto. Ndani mlikuwa na diklo, vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa sokoni. Kila jioni, kabla ya kusukuma mtumbwi, kapiteni alimpa kila mvuvi kidonge kimoja, hata asiyeumwa. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

"Banaipokea sawa komunyo ya kanisani," alisema Anastasie. "Mwenye hajameza, hashiki kamba."

Goreth hakucheka. "Mama, unachujaga pombe?"

"Sana."

"Basi figo ni machujio mawili, kila moja kama ngumi yako. Yanachuja damu, na uchafu unatoka na mkojo. Dawa hii ikimezwa kila siku, machujio yanachakaa. Chumvi nyingi inapandisha tansio, na tansio inayachanachana. Halafu umutapishe mutu kama huyu? Mwili unakauka maji, na figo zinaweza kusimama palepale."

"Mbona haziumi?" aliuliza Anastasie.

"Figo hazipigi kelele, mama. Zinateseka kimya. Mara nyingi mutu anajua wakati amechelewa."

"We mutoto wa jana!" Bonaventure alifoka. "Unataka kumulaza ndugu yangu hospitali, afie kule?"

"Hatutamulaza mutu, yaya," alisema Goreth, akimheshimu kama kaka mkubwa. "Ni kliniki ya kwenda na kurudi. Anapimwa, anapewa dawa, mangaribi anakula kwake. Daktari wa figo anatoka Bukavu mara moja kwa mwezi. Keshokutwa atakuwa Baraka."

Anastasie alifuta chumvi mikononi. Alisimama.

"Yaya Bonaventure, ninakuheshimu. Lakini ni mimi ninalala karibu na pumzi yake. Ninasikia vile inakatika. Tunaenda Baraka."

"Na karuho?"

"Kama ni karuho, daktari atatuambia. Na mi mwenyewe nitakufuata Lulimba."

Bonaventure aliondoka akinung'unika.

Siku ya daktari, huko Baraka, Goreth aliwapokea mlangoni mwa kliniki. Raphaël alitoa mkojo katika kikombe. Goreth alichovya kijikaratasi ndani, nacho kikageuka rangi. Kisha akamtoa damu kidogo mkononi. Saa za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Anastasie alisali rozari nzima, akaanza nyingine.

Daktari Patrice alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini.

"Papa Raphaël, figo zako zimeumia, lakini hazijafa. Sehemu iliyoharibika kabisa hairudi. Sehemu iliyobaki tunaweza kuilinda, kama utanisaidia."

"Doktere, niambie ukweli. Ni nani alinitilia sumu?"

"Sumu ya mtu siioni. Ninaona tansio ya siku nyingi, na ninaliona kopo lako la diklo."

Raphaël alilisukuma kopo kwa daktari.

Daktari alimpa dawa ya tansio ya kumeza kila siku, hata siku anayojisikia vizuri. Alimkataza diklo na dawa za kutapisha. Mgongo ukiuma, aulize kwanza kliniki. Apunguze chumvi. Na kila mwezi arudi kupimwa.

Jioni ile ile Raphaël alikula nyumbani kwake, kama Goreth alivyosema. Bonaventure alikuwa anangoja.

"Claver hakunitilia kitu, yaya," Raphaël alimwambia. "Mi mwenyewe nilikunywa sumu, kutoka kopo yangu." Akachukua fimbo yake, akaenda kumpa Claver mkono wa amani.

Anastasie naye alibadilisha sufuria. Ndakala wabichi walichukua nafasi ya mikebuka wa chumvi. Ndimu na pilipili zikafanya kazi ya chumvi. Siku za kwanza Raphaël alinuna.

"Mke wangu, mboga hii imekosea nini mpaka unaiazibu?"

"Kula, mume wangu. Figo zako zinasema asante."

"Goreth alisema hazipigi kelele!"

Wakacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Miezi ilipita. Uvimbe ulishuka. Raphaël alirudi ziwani, mtumbwini mwake, bila kopo. Halafu siku moja daktari alisoma majibu mapya, akatabasamu.

"Tansio imekaa vizuri. Mkojo umekuwa bora. Figo zinashikilia, papa. Umezilinda."

Anastasie alipiga kigelegele ndani ya chumba kile kidogo. Wagonjwa waliokuwa nje wakaitikia bila kujua sababu.

Raphaël hakupiga kelele. Aliuliza, "Na wale niliowagawia kidonge kila jioni?"

"Walete. Tukikuta ugonjwa mapema, kazi inakuwa ndogo."

"Kliniki inayokuja, nitaleta mutumbwi muzima. Ninaahidi."

Aliahidi bila kuangalia mwezi. Siku ya kliniki iliangukia mwanzo wa giza, wakati mbalamwezi imeondoka na ndakala wanafuata taa za wavuvi kwa wingi. Mitumbwi mingine yote ya Swima ilikuwa inajiandaa. Mvuvi ambaye angevua usiku huo angerudi asubuhi na mzigo wa kushusha, na daktari angeondoka kabla yeye hajafika Baraka.

"Kapiteni, umerogwa?" alipiga kelele Willy, mdogo kuliko wavuvi wote. "Samaki banatuita, we unatupeleka kupimwa mukojo!"

"Samaki batarudi kesho. Daktari anarudi mwezi ujao. Nilitoa neno langu."

"Na tutakula nini leo?"

"Leo tutakula kwangu. Bila chumvi."

Walimzomea, lakini walicheka. Mtumbwi ukalala mchangani. Asubuhi, mabeseni ya ndakala wa watu wengine yakipita barabarani vichwani mwa akina mama, wao walipanda pikipiki kuelekea Baraka. Anastasie alitangulia, mikono mitupu, kichwa juu.

Walijaza benchi lote la kliniki. Goreth alianza na Claver. Mashine ikavimba, ikapumua. Akampima tena.

"Papa Claver, tansio iko juu."

Uso wa Claver ulikauka. Daktari alisoma kijikaratasi cha mkojo wake, akasoma na majibu ya damu, kisha akamwekea mkono begani.

"Usiogope. Figo zako nzima bado. Umekuja mapema."

Claver aligeuka kumtafuta kapiteni wake. Raphaël alikuwa tayari amemshika Willy shingoni, anamsukuma mbele.

"Kunja shati, we mupiga kelele. Ni zamu yako."