Sekela Anaomba Giza

Haya, sogeeni hapa karibu. Hadithi hii inapenda giza kidogo, lakini msiogope, nipo.

Sekela anakaa Tukuyu, kwenye mtaa wa mlimani wenye baridi. Anakaa na mama yake, bibi yake, na vifaranga wengi wa mama.

Piu piu piu, wanasema vifaranga. Hawanyamazi hata wakiwa wanakula.

Na sasa niwaambie siri. Sekela analala taa ikiwaka. Ukiizima tu, anakaa kitako kitandani. Msimwambie kwamba nimesema.

Siku moja mwalimu alisema darasani, "Leo usiku vimondo vitapita angani. Ni vijiwe vidogo vinavyowaka vikipita. Tafuteni mahali pasipo na taa."

Sekela alikimbia nyumbani kumwambia bibi.

Bibi aliacha kuchambua maharage. "Vimondo? Niliviona nikiwa mdogo kama wewe. Fyuu, kimoja. Fyuu, kingine. Tangu siku ile sijaviona tena."

"Leo utaviona, Bibi. Twende kule juu kilimani, hakuna taa."

Bibi akapapasa magoti yake. "Kwa miguu hii, mjukuu wangu? Hata gengeni haifiki."

Sekela akayatazama magoti ya bibi. Alitaka sana bibi aone vimondo. Hata kimoja tu.

Halafu akasema, "Basi. Kama Bibi hawezi kulifuata giza, giza litamfuata Bibi."

Na huyoo, akatoka mbio.

Alifika kwanza kwa Mzee Ambakisye, fundi cherehani. Taka-taka-taka, cherehani ilikuwa inalia. Juu yake taa ilikuwa inaning'inia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umetumwa nguo?"

"Hapana, babu. Naomba giza kidogo. Ni la bibi yangu."

Mzee Ambakisye alicheka mpaka miwani ikateleza. "Watu huja kuniomba uzi. Wewe unaomba giza?"

Sekela akamweleza habari ya vimondo. Mzee akaitazama suruali aliyokuwa anashona.

"Haya, hii itangoja kesho," alisema. "Nitazima."

"Asante, babu."

Sekela akaenda dukani kwa Mama Lugano. Lo, pale taa zilikuwa mbili.

"Shikamoo, mama. Naomba giza kidogo. Ni la bibi yangu."

"Na mtu akija kununua sukari?"

"Anunue sasa hivi, kabla ya giza."

"Mtoto huyu ana maneno," alisema Mama Lugano. Lakini alikuwa anatabasamu. "Haya, nitazima zote mbili."

"Asante, mama."

Akabaki Kaka Ipyana, muuza chipsi. Chaaa, chaaa, mafuta yalikuwa yanachemka juu ya mkaa.

"Kaka Ipyana, shikamoo. Naomba giza kidogo. Ni la bibi yangu."

Kaka Ipyana akageuza chipsi polepole. Jioni ndiyo wateja wake huja.

"Nilipoumwa, nani aliniletea uji kila asubuhi?" aliuliza.

"Bibi."

"Basi leo nafunga mapema."

Sekela akarudi nyumbani akirukaruka. Asante, asante, asante, mguu mmoja, mguu wa pili.

Wakala ugali. Nje jua likazama. Sekela akambebea bibi kigoda mpaka uani. Mama akamfunika bibi blanketi.

Taki. Taa ya Mzee Ambakisye ikazimika.

Taki, taki. Taa za Mama Lugano zikazimika.

Taki. Taa ya Kaka Ipyana ikazimika. Majirani wakaja uani mmoja mmoja, wamejitanda mashuka.

Lakini ua bado ulikuwa mweupe. Sekela aliona hadi vidole vya miguu yake.

"Sekela," alisema Mzee Ambakisye, "umezima taa za mtaa mzima. Na ile je?"

Sekela akageuka. Ilikuwa balbu kubwa kwenye banda la vifaranga. Taa ya nyumbani kwao. Aliizoea, akaisahau kabisa.

Piu piu piu, walisema vifaranga.

"Mama, tuizime kidogo?"

"Hapana, mwanangu. Ile taa ndiyo joto lao. Kwa baridi hii watakufa."

"Tuifunike na kanga?"

"Itaungua."

Sekela akatazama chini. Hakutaka vifaranga wafe. Alitaka bibi aone. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Usilie," alisema bibi. "Umenitafutia giza mtaa mzima. Hiyo peke yake naishukuru."

Kaka Ipyana akajikuna kichwa. "Wanataka joto tu, si ndiyo? Mkaa wangu bado mwekundu. Nilikuwa naenda kuumwagia maji."

Mama akamtazama. Bibi akamtazama mama.

"Chungu changu cha maharage kiko jikoni," alisema bibi.

Mama akaleta chungu. Kaka Ipyana akakimbilia jiko lake, akaleta makaa na kuyatia ndani. Mama akayafunika kwa majivu, akakiweka chungu katikati ya banda na kukizungushia matofali. Wakangoja. Mama akaingiza mkono.

"Pana joto," alisema. "Wanasogea wenyewe."

Vifaranga wakakizunguka chungu. Piu piu. Piu. Pi.

Kimya. Kwa mara ya kwanza, kimya kabisa.

"Haya, Sekela," alisema mama. "Zima wewe."

Sekela akanyoosha mkono. Taki.

Loo, giza lile. Na nyota zikatoka, nyingi kama unga uliomwagika. Sekela akashika mkono wa bibi. Wakangoja. Wakangoja tena.

Fyuu.

"Kile," alisema bibi. "Sekela, kile pale."

Fyuu, kingine. Fyuu, juu ya duka la Mama Lugano.

Bibi alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ni vilevile," alisema. "Asanteni, jirani zangu. Asanteni sana."

Baadaye kila mtu alienda kwake. Mama akawawashia vifaranga balbu yao. Piu piu piu, wakaanza tena, ndio hao.

Sekela akapanda kitandani kwake, karibu na kitanda cha bibi. Mama akamfunika vizuri.

"Nikuachie taa?" aliuliza mama.

Sekela alifikiri.

"Zima, Mama."

Taki.

Kisha sauti ya bibi ikatoka gizani, taratibu.

"Sekela."

"Abee, Bibi."

"Asante kwa giza."

Sekela akatabasamu, ingawa hapakuwa na taa ya kumwonyesha. Akalala.