Sakafu Isiyovuja

Maji yaliwakuta katikati ya daraja. Hayakuja kwa kishindo kama Nanjala alivyodhani mafuriko huja. Yalikuja mapana na mazito, rangi ya chai ya maziwa, yakapanda daraja upande mmoja na kushuka upande wa pili kana kwamba hakukuwa na daraja. Nanjala alikanyaga mafuta apite kabla hayajaongezeka. Injini ikakohoa mara moja, ikazimika.

"Rudi nyuma," Komal akasema.

"Nirudi na nini?"

Walikuwa wametoka mtaa wa Satellite mchana huo wakielekea Parklands. Huko juu barabara kuu ya Waiyaki Way ilikuwa imeziba kwa foleni na mvua, na Nanjala, aliyelelewa Kangemi na kuzijua njia zote za mkato za upande ule, alikata kona akashuka bondeni chini ya mtaa wa Mountain View. Njia hiyo aliipita tangu utotoni na mto wake ulikuwa kijito cha kuruka kwa mguu mmoja. Leo kijito kilikuwa kimekumbuka ukoo wake wa mito.

Gari lenyewe lilikuwa limesambaza mikate kwa miaka mingi kabla halijawa lake. Rangi nyeupe aliyolipaka haikufaulu kuyafuta kabisa maandishi ya zamani, na jua likiwaka vizuri ubavuni bado ulisomeka MKATE MTAMU. Mtaani likaitwa Mkate, na yeye akaitwa Mama Mkate ilhali hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Ndani alikuwa ameligeuza kwa mikono yake mwenyewe: kitanda, jiko dogo, kabati, na meza ya kazi yenye cherehani nzito ya kushonea viti vya magari, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyosomea na iliyomlisha. Kati ya dereva na nyumba aliweka ukuta wa plaiwudi wenye kijimlango. Asubuhi ile alikuwa amerudisha ufunguo wa chumba alichopanga. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa nyuma ya mgongo wake, kimefungwa kwa kamba na skrubu.

Komal alisoma naye chuo cha ufundi, yeye upande wa umeme. Kule Parklands, uani kwa babake, ndiko walikokuwa wakienda kufunga sola juu ya paa la gari.

Maji yaliingia chini ya milango ya mbele yakawafika vifundoni, kisha yakafika vitini. Gari likatikisika, likasota ubavu ubavu. Nanjala aliona ukingo wa daraja ukipita chini ya dirisha la Komal mahali ambapo haukupaswa kupita.

"Ndani," alisema. "Pita kijimlango."

"Kile ulichokipima kwa paka?"

"Komal, pita."

Komal alipita akiacha kiatu kimoja. Nanjala akamfuata, akakivuta kijimlango nyuma yake na kusukuma komeo. Pembeni mwa kijimlango hicho alikuwa amebandika mpira ili vumbi la barabarani lisimwingilie kitandani. Sasa maji yalijaa upande wa pili yakaukanda mpira ule, na mpira ukakaa.

Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Vitambaa vilikuwa rafuni. Kikombe kilining'inia kwenye ndoano yake. Kwa muda mfupi Nanjala alijisikia fahari, na haikuwa fahari ya bure.

Kisha sakafu ikainuka chini ya miguu yao, polepole, kama mtu anayevuta pumzi.

"Tunaelea," Komal akasema.

Sakafu ile ndiyo iliyokuwa kazi ya Nanjala iliyomkosha moyo kuliko zote. Gari lilikuja na matundu ya kutolea maji chini, wayahitajiyo waosha magari. Yeye aliziba kila tundu kwa mpira, akamwaga lami juu yake, akalaza vipande vya povu gumu la kuzuia baridi, plaiwudi, zulia la plastiki, kisha akapitisha silikoni kila kona. Komal alikuwa amemshauri aache hata tundu moja la kutolea maji ya kudeki. Nanjala akamwuliza kama kwao Parklands wanalala juu ya chujio.

Chujio lingezama likatulia darajani. Mkate uliondoka.

Injini ilikuwa nzito, kwa hiyo pua ya gari ilizama na kuburuzika chini, huku nyumba ikipanda nyuma kama bata anayetafuta funza. Kupitia dirisha la ubavuni Nanjala aliona sukuma wiki za watu zikipita, kisha ua wa mabati, kisha mahindi yaliyozama hadi kwenye ndevu. Akapaza sauti Komal ashike kitu. Mti wa mkaratusi ukawapokea.

Kishindo kilimtupa Komal kwenye ukingo wa meza. Aliponyanyuka, damu ilikuwa ikimshuka usoni kutoka juu ya jicho.

"Unaniona?" Nanjala aliuliza.

"Nakuona. Bahati mbaya."

Nanjala alichukua mkasi, akakata kipande cha mahameli ya rangi ya damu ya mzee kutoka kwa bunda la mteja wake wa kwanza, akakikunja na kumfunga kichwani kwa nguvu. Kushona alijua, na kufunga alijua; ngozi ya mtu haikuwa tofauti sana na ngozi ya kiti.

Mkaratusi ulikuwa umeshika pua tu. Nyuma ya gari ilizunguka kama mlango kwenye bawaba hadi ikaelekea mto unakoelekea. Nanjala alipanguza kioo cha mlango wa nyuma akatazama. Mbele kidogo mto uliingia chini ya barabara kubwa kupitia kalavati, mdomo mweusi wa saruji uliokuwa umejaa karibu hadi juu. Mgomba mzima ulielea ukaufikia, ukasimama wima kama mtu aliyeitwa jina, ukamezwa.

Hakumwambia Komal atazame. Komal alitazama mwenyewe.

Kila wimbi lilipopita, sakafu ilipanda na pua ikateleza kidogo kwenye mti. Nanjala aliisikia kwa nyayo kabla ya kuisikia kwa masikio.

Ukingoni walikuwa wamefika watu. Aliyekuwa mbele yao alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la manjano. Aliitwa Okinyi, na kitalu cha miche kilichokuwa pale ng'ambo kilikuwa chake. Alikuwa na kamba ya kuvutia magari. Alirusha mara mbili ikaanguka majini, ya tatu ikagonga dirisha, Nanjala akaidaka na kuifunga kwenye chuma cha kitanda. Wanaume wakakaza. Kamba ikanyooka ikalia. Wimbi lilipokuja gari likapanda, likavuta, na kamba ikawachomoka mikononi ikiwachuna viganja.

Okinyi aliiokota akaipuliza mikono yake. "Madam, hii kamba itashika mtu," alipaza sauti. "Haiwezi kushika nyumba. Hiyo gari inacheza."

"Tukitoka kwa dirisha?"

"Itawageukia iwalalie. Ikae kwanza. Iambie ikae."

Wengine walicheka kwa woga, lakini Nanjala hakucheka. Aliingiza kichwa ndani, akachomoa fimbo ndefu ya pazia, akaitumbukiza majini kupitia dirishani hadi ikagonga. Aliikandamiza, ikagonga tena, imara. Akaitoa na kuisimamisha ubavuni pake. Alama ya maji ilimfika kifuani.

"Chini yetu ni shamba la mtu," alimwambia Komal. "Hatuko mtoni bado. Magurudumu yakifika chini, nje maji ni ya kifua. Humu ndani ni ya mapaja."

"Na yatafika chini vipi?"

Nanjala alitazama zulia lake la plastiki, lenye michoro ya mbao ambayo mtu angedhani ni mbao kweli.

"Tunaizamisha," alisema.

Komal alimtazama kwa jicho lililobaki wazi. Angeweza kusema neno kuhusu chujio, na alistahili kulisema. Badala yake alinyoosha mkono akatoa drili ya betri kwenye kabati, akamkabidhi, akaanza kupandisha mabunda ya vitambaa kitandani.

"Acha hayo," Nanjala akasema. "Shika taa. Maji yakipanda zaidi, hatutaigusa ardhi tena."

Alipasua zulia kwa kisu kutoka ukuta hadi ukuta. Alipiga magoti. Drili ilikula plaiwudi, ikapita povu kama inapita siagi, kisha ikafika kwenye lami na kukwama. Lami ilijizungushia ncha ikawa donge. Alichomoa, akakwangua, akarudia. Mara hii ncha ilipita lami, ikagusa bati, ikalia kwa sauti kali, na chemchemi ya maji ya kahawia ikaruka hadi kidevuni.

Akatoboa tundu jingine karibu na meza, na jingine. Maji yaliingia kwa adabu mno. Gari likapanda na wimbi, pua ikateleza, matawi yakavunjika huko mbele.

"Ongeza," Komal akasema.

Betri ilikuwa inachoka. Drili ilizunguka kwa mkoromo, ikasimama. Nanjala aliitupa kando akachukua patasi na nyundo. Alijua matundu ya kiwandani yalipo, makubwa ya kupitisha ngumi, kwa kuwa aliyaziba yeye mwenyewe akiwa amelala kifudifudi, akiimba. Alipasua plaiwudi juu ya lile kubwa la nyuma, akang'oa povu kwa vidole, akapiga lami. Lami ikakataa. Alipiga kwa nguvu zake zote, na ule mpira chini yake ukamrudishia nyundo kama unamjibu. Hakuwahi kukutana na fundi mkaidi kiasi hicho, na fundi huyo alikuwa yeye.

"Nani alikufundisha kuziba hivi?" Komal alisema akiwa amekaza meno.

"Nilisoma. Wewe ulikuwa kantini."

Alisimama, akashika kona ya kitanda, akapiga kisigino. Mara ya kwanza maumivu yalimpanda hadi gotini. Mara ya pili mpira ulisogea. Ya tatu, mguu wake ulizama sakafuni hadi kwenye muundi, na maji yakalipuka kuuzunguka kama bomba la manispaa lililopasuka. Akauchomoa akiwa amechunika, akahamia tundu la pili akiwa tayari amejua namna ya kulipiga.

Maji yalijaa. Yakafunika viatu vyao, yakafika magotini, yakabeba sufuria na pasi na nyuzi za rangi zote zikajiviringisha pamoja. Mota ya cherehani ikazama chini ya meza. Nanjala aliiona ikizama akageuza uso.

Wimbi likaja. Walishikana. Sakafu ilipanda kidogo, kwa uchovu, ikashuka. Wimbi lingine likaja na sakafu haikupanda. Chini yao kitu kiligusa kitu, taratibu, kisha kwa uzito: gari lilikuwa limekaa katikati ya mahindi, nalo halikutikisika tena.

"Kamba," Nanjala aliwaita.

Komal alitoka kwanza, kamba ikiwa imemzunguka chini ya makwapa, na alipofika ukingoni na mahameli yake kichwani Okinyi alimpokea akiuliza ni nani amemleta bibi harusi bila kutoa taarifa. Komal alimwambia mahari ni kikombe cha chai. Nanjala alifuata. Maji yalimpiga kifuani na kumvuta miguu, lakini udongo wa shamba ulikuwepo kila alipokanyaga, mstari baada ya mstari wa mahindi, naye alishika mabua kama mtu anayeshika vitasa vya milango. Alipofika nchi kavu wakamwonyesha kwamba alikuwa amebeba drili.

Walikaa chini ya turubai la kitalu, wakanywa chai yenye sukari ya kukwaruza meno. Mvua ilikatika. Kabla jua halijazama mto ulianza kurudi kwao, mahindi yakajitokeza yakiwa yamelala upande mmoja, na Mkate ukaonekana umesimama kwa magurudumu yote, mchafu, mzima. Chini ya tumbo lake vijito vilikuwa vikimwagika kutoka kila tundu alilotoboa.

Okinyi alisimama kando yake akitazama. Alisema mwaka uliopita palisombwa gari dogo pale pale. Lilikaa na maji tumboni hadi tope likaganda ndani, likauzwa kama vyuma chakavu.

"Hii yako inajikamua yenyewe," alisema. "Lakini hayo mahindi ni yangu, Madam."

Nanjala alimtazama, akamwuliza kwenye kitalu chake anakalia nini. Okinyi akaonyesha ndoo iliyofudikizwa.

Mkate ulifika Parklands siku ya tatu, ukivutwa. Mzee Harbans, babake Komal, aliuzunguka akiwa ameweka mikono nyuma, akaingia, akachuchumaa, akatoka. Alisema bati ni zima. Angeleta mtu wa kuchomelea matundu, na sakafu ingekuwa kama haijawahi kuguswa.

"Hapana, Uncle," Nanjala alisema. "Haya mengine tuyachomelee. Lile la nyuma liache."

"Liache wazi? Utaingiliwa na panya."

"Nitalichongea kizibo."

Komal alikuwa ameshonwa nyuzi tano juu ya jicho. Aligeuka tu akajifanya anatafuta kebo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kazi ya kwanza aliyoshona baada ya mota kukauka ilikuwa kiti cha mtu wa miche, cha mahameli, fidia ya mahindi yake. Ya pili ilikuwa kizibo chenyewe: kipande cha mbao ngumu kilichovishwa ngozi, chenye mshipi wa kuvutia. Jioni ile alideki nyumba yake kuanzia kitandani hadi mlango wa nyuma, akakusanya maji machafu kwenye kona moja, akainama na kuvuta. Yalizunguka mara moja, yakashuka, na akayasikia yakigonga lami ya Parklands chini yake.