Udi wa Harusi kwenye Ovaroli

Ovaroli ilikuwa ya moto. Imetundikwa nyuma ya mlango tangu jana, Ameir yuko bafuni anaoga, lakini Mardhiya alipoigusa aliurudisha mkono kama aliyeshika birika linalochemka.

"Ameir, nani kavaa nguo yako?"

"Wivu utakuua, mke wangu," alijibu mumewe akicheka.

Wivu alikuwa nao. Tangu Ameir aajiriwe kuutunza mtambo wa mvuke kwenye makumbusho, kiwanda cha sabuni cha zamani kando ya mto, hana hadithi nyingine: leo kaupaka mafuta, leo kaisugua shaba yake. Wenyewe wanauita Bibie. Mwenye kiwanda, enzi za makaa, alihamishia kitanda chake karibu nao mpaka mkewe akafungasha akenda zake. Mardhiya akaamini mtambo ni kisingizio tu, Bibie ni mwanamke wa pale kazini. Basi kila Ijumaa akawa anaifukiza ovaroli kwa udi wake wa harusi, ili huyo anayemkaribia Ameir ajue ana mke.

Siku hiyo, Ameir alipokwisha kwenda kazini, flati yao ya Peckham, huko ughaibuni, ilianza kuhema. Fuu. Kimya. Fuu. Madirisha yakaingia ukungu na birika halijawashwa, ikaja harufu ya makaa, kisha ya udi, udi wake mwenyewe, na Mardhiya akamnyakua Jokha, mtoto wa miezi minane, akatoka pekupeku hadi kwenye ngazi, na pumzi ile ikamfuata nyuma ya shingo, ya moto, ya pole pole, kama ya mtu anayemnusa kujua ana nini yeye asichokuwa nacho.

Maalim Muhiddin wa msikitini aliitwa, akaja, akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani kaifukiza nguo ya mumeo?"

"Mimi, Maalim."

"Udi gani?"

"Wa harusi," alinong'ona.

"Mwanangu, kila Ijumaa ulimpamba bwana harusi ukampelekea jini."

Akasoma mpaka alasiri. Ovaroli ikachomwa, udi ukatupwa, Ameir akaacha kazi. Kule makumbusho, walisema, mtambo ukagoma kuzunguka.

Wiki tatu nyumba ikatulia. Ya nne, Ameir aliinama kumbusu mtoto, akasita.

"Umemfukiza Jokha?"

Mardhiya akanusa. Nywele za mtoto zilikuwa za moto, zimekolea udi, na chini ya udi, mafuta ya mashine.

Ilikuwa Ijumaa.