Rimu Mpya za Baba Yustina

Eufrazia alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia mvua itanyesha, atataka kujua nani kakwambia. Ukimwambia maji yamechemka, atauliza umejuaje. Mumewe, Kornelio, alikuwa ameshamzoea. Kila asubuhi Kornelio alikaa uani kwao Temeke, gogo la mpingo katikati ya miguu yake, akichonga. Eufrazia alikaa karibu naye akisugua vinyago kwa msasa, na maswali hayakwisha.

"Baba Yustina, hiki kinyago mbona kina mguu mmoja?"

"Wa pili bado umo ndani ya mti."

"Utatoka lini?"

"Ukininyamazia."

Walikuwa wametoka kusini, upande wa Masasi, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Binti yao Yustina alizaliwa hapo hapo Temeke. Kornelio na wachongaji wenzake wa ushirika walikuwa na pikapu moja kuukuu. Siku za kazi ilibeba magogo na vinyago. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ilibeba majirani kwenda Chanika, kwenye shamba lao la pamoja la mihogo. Watu walikaa nyuma, wamebanana, majembe miguuni, watoto mapajani. Kornelio ndiye aliyekuwa dereva, na pikapu aliitunza kama yake.

Basi rimu moja ya pikapu ikapata ufa. Rimu ni lile duara la chuma linalovishwa tairi. Tairi likawa linajazwa upepo asubuhi, jioni limelala. Miaka hiyo spea zilikuwa zimeadimika. Uliweza kuingia dukani ukakuta kopo la mafuta ya breki na muuzaji anayepiga miayo, basi. Kornelio alizunguka mji mzima. Siku moja akarudi kutoka Kiwalani, amejaa furaha, na rimu nne.

Zilikuwa nzuri kwelikweli. Zilikuwa pana, na ziling'aa mpaka Eufrazia akajiona uso wake humo. Zilikuwa zimetolewa kwenye gari dogo la matembezi.

"Mbona nne?" akauliza Eufrazia. "Iliyopasuka si moja?"

"Nikiweka moja, pikapu itafanana na mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja."

"Zitaingia?"

"Boliti nne, matundu manne. Unataka nini tena?"

Hazikuingia. Matundu ya rimu yalipishana kidogo na boliti za gari. Mtu mwingine angezirudisha Kiwalani siku hiyo hiyo. Lakini Kornelio alikuwa mchongaji, na mchongaji hatishwi na kitu kisichoingia. Anapunguza hapa, anapunguza pale, mwisho kinaingia. Akachukua tupa aliyokuwa akinolea tezo yake ya kuchongea, akakaa chini, akaanza kuyatanua matundu ya rimu, moja baada ya jingine. Alikuwa akipiga mluzi.

Eufrazia alimtazama. "Sasa tundu limekuwa kubwa. Nati itashika wapi?"

"Mama Yustina, mie nachonga mpingo. Tundu la chuma litanishinda?"

Akazivisha rimu mpya matairi yale yale, zikaingia. Zile za zamani Kornelio akazitupa nyuma ya banda la kuku, na kuku wakafurahi, wakatagia humo.

Jumapili wakaenda Chanika. Kwenda kulikuwa kwema, ingawa usukani ulitetemeka. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Siku hizo, ili nchi ibane mafuta, magari mengi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwa hiyo Kornelio aliendesha kwa haraka, na nyuma kulikuwa na watu pamoja na magunia ya mihogo. Kila pikapu ilipoingia kwenye shimo, upande wa nyuma ulilia krrr. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

Jirani yao Demetria, mwanamke mwenye maneno mengi, alipaza sauti kutoka nyuma. "Baba Yustina, huko mnachoma nini? Na sie mtubakizie."

Watu wakacheka. Kornelio naye akacheka. Eufrazia hakucheka. Aligeuka akatazama kupitia kioo cha nyuma. Yustina alikuwa amekaa mahali anapopapenda, juu kabisa ya gurudumu. Sauti ile ilikuwa inatoka chini yake.

Walifika salama. Lakini ile krrr ilibaki masikioni mwa Eufrazia.

Kesho yake jioni alikwenda kwenye kisomo, darasa la watu wazima. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa Bi Gulbahar, mama wa makamo aliyerithi duka dogo la spea la marehemu baba yake, Mzee Remtulla. Mchana aliuza spea, zikiwapo. Jioni alifundisha kwa kujitolea. Siku hiyo alikuwa anafundisha namna ya kupima duara. Eufrazia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maduara mawili yenye matundu manne manne, yanaweza yasilingane?"

"Yanaweza sana. Kwa nini unauliza?"

Eufrazia akaeleza yote: rimu za Kiwalani, tupa, usukani, krrr, harufu. Bi Gulbahar aliacha kuandika ubaoni.

"Gari liko wapi sasa hivi?"

"Lipo nyumbani."

"Mwambie mumeo asilitoe. Kesho nakuja."

Kornelio alipoambiwa alikunja uso. "Mwalimu wa kisomo aje anipime mie?"

"Hakupimi wewe," alisema Eufrazia. "Anapima gari."

Bi Gulbahar alikuja asubuhi, mtandio wake ameufunga vizuri kichwani.

"Shikamoo Bi Gulbahar," alisema Kornelio.

"Marahaba, mwanangu. Naomba jeki, kipande cha mkaa, rula ya mkeo na fimbo iliyonyooka. Karatasi ninayo."

Kornelio akainua pikapu upande wa nyuma. Bi Gulbahar hakugusa kitu. Alimgeukia Eufrazia. "Shika nati hiyo. Jaribu kuifungua kwa vidole."

"Kwa vidole? Si imekazwa kwa spana?"

"Jaribu."

Eufrazia akashika nati. Ikazunguka. Ikazunguka kirahisi, kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa. Akaiachia haraka.  Alimkumbuka Yustina amekaa juu ya gurudumu lile, na Demetria anavyocheka, na watoto wote waliokuwa mapajani mwa mama zao. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa siku nyingi.

"Mie niliikaza," alisema Kornelio polepole. "Jumamosi, kwa nguvu zangu zote."

"Najua uliikaza," alisema Bi Gulbahar. "Lakini tazama nati yako. Imechongoka mbele. Inatakiwa iingie kwenye tundu na kukaa, kama mchi mdogo kwenye kinu chake. Wewe umekitanua kinu. Sasa nati inagusa ukingo tu, na gari likitikisika inalegea. Siku moja gurudumu lingetoka, gari lingali mbioni."

 Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya banda.

Ni Eufrazia aliyeanza tena. "Mwalimu, mtu atajuaje kabla ya kununua?"

Bi Gulbahar akatabasamu. Alimwambia Kornelio afungue gurudumu, alitoe na tairi. Kisha akaweka karatasi juu ya boliti za gari, akapaka mkaa. Boliti nne zikajiandika kwenye karatasi, na katikati pakatokea duara, lile jicho la kati lililoinuka.

"Hapo gari limekuandikia lenyewe," alisema. "Karatasi hii unakwenda nayo kwa muuzaji. Unaiweka juu ya rimu anayokuuzia. Kuhesabu matundu hakutoshi. Lazima yakae umbali ule ule."

Eufrazia akaiweka karatasi juu ya rimu inayong'aa. Akaona mwenyewe namna matundu yalivyopishana. Akaona na jambo jingine.

"Na tundu la kati ni kubwa mno."

"Umeona. Jicho la gari linatakiwa likae humo bila kucheza. Likicheza, gurudumu linazunguka upande upande, na usukani unatetemeka."

"Na ile krrr?"

"Lete fimbo."

Bi Gulbahar akalaza rimu kifudifudi, mgongo juu. Akaweka fimbo juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo. Akamwonyesha Eufrazia apime kwa rula kutoka kwenye fimbo kwenda chini, mpaka pale rimu inapogusana na gari.

"Kina chake ni sentimita nne," alisema Eufrazia.

"Sasa tupime ile ya zamani. Ziko wapi?"

Kornelio aliona haya kidogo. Alikwenda nyuma ya banda, akamfukuza kuku mmoja aliyekuwa amelalia mayai, akarudi na rimu yenye kinyesi na manyoya. Eufrazia akaifuta, akaweka fimbo, akapima.

"Hii kina chake ni sentimita nane."

"Basi ndiyo hiyo krrr yako. Rimu ya kina kifupi inalisukuma tairi nje. Gari likiwa tupu, huoni kitu. Watu wakipanda, bodi linashuka, tairi linasugua madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Kidogo kidogo linaliwa, mwisho linapasuka. Kina kikizidi nako kuna ubaya wake, tairi linaingia ndani na kusugua vyuma vya huko."

Kornelio alikuwa amechuchumaa, anaipapasa rimu mpya. "Na tuseme vyote vingelingana? Matundu, jicho, kina?"

Eufrazia alimtazama. Mumewe alikuwa ameuliza swali.

"Bado ungeuliza rimu imetoka gari gani," alijibu Bi Gulbahar. "Hii ni ya gari la kubeba watu wanne waliovaa vizuri. Wewe unapakia mtaa mzima na mihogo. Chuma chake hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Na tairi nalo liwe la kimo na upana unaotakiwa na rimu. Namba zake zimeandikwa ubavuni. Mkeo sasa anazisoma."

Kornelio alishika tupa yake, akaitazama, akaiweka chini.  "Kwenye mpingo," alisema, "nikishapunguza, sirudishi. Ndiyo maana natazama gogo siku nzima kabla ya kulipiga. Kijana akija kujifunza kwangu, hilo ndilo namwambia kwanza. Rimu hizi sikuzitazama hata kidogo."

"Zile tatu za zamani ni nzima," alisema Bi Gulbahar. "Umepasukiwa na moja. Usiichomelee ile yenye ufa, itapasuka tena. Nitakutafutia moja."

Aliipata katikati ya juma, kwa mtu wa Mikocheni aliyekuwa na pikapu ya aina ile ile, imekufa injini. Rimu ilikuwa na kutu, mbaya kwa sura. Eufrazia alikwenda na karatasi yake. Muuzaji alishangaa kuona mama mwenye khanga anapaka mkaa, analaza fimbo, anapima kina, kisha anapitisha kidole kando yote ya rimu kutafuta ufa. Vyote vililingana. Kornelio aliisugua kutu kwa msasa, akaipaka rangi nyeusi.

Siku ya kufunga, aliuliza kila hatua. Bi Gulbahar alimwambia asikaze nati kwa kuzunguka, bali akaze moja, kisha ile inayoikabili upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Baadaye Kornelio akawaita majirani wapande nyuma.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza Demetria, amekwisha panda.

"Hatuendi popote. Kaeni tu."

Majirani wakakaa, wamebanana, ndani ya gari lililosimama uani. Kornelio akageuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Eufrazia akalala chini kabisa akachungulia. Kati ya tairi na madigadi palipita mkono wake mzima, magurudumu yote.

"Safari fupi," alisema Demetria akishuka. "Lakini leo hamchomi kitu."

Ijumaa akaja Didas, dereva wa gari la kukodi wa mtaa wa pili. Alikuwa ameziona zile rimu zinang'aa ukutani.

"Niuzie, kaka. Bei nzuri."

Eufrazia aliacha kusugua kinyago. Pesa waliyotumia Kiwalani walikuwa bado wanaihitaji, na alimwona Kornelio akifikiri.

"Haziuzwi," alisema Kornelio. "Nimeziharibu kwa tupa. Nati haishiki. Na wewe gari lako jicho lake la kati likoje? Kina cha rimu zako unakijua? Karatasi ya matundu yako iko wapi?"

Didas alimgeukia Eufrazia. "Shemeji, huyu kapatwa na nini?"

"Nimemwambukiza," alisema Eufrazia.

Rimu moja Kornelio aliilaza chini, akasimamisha gogo la mpingo kwenye tundu lake la kati. Gogo lilitulia vizuri, akaanza kuchonga.

Jumapili wakaenda Chanika. Usukani ulitulia mikononi mwa Kornelio. Walipofika nusu ya njia alisimamisha gari, akashuka na spana, kwa sababu Bi Gulbahar alimwambia kwamba rimu ikishafungwa upya, nati zikazwe tena baada ya mwendo. Alipomaliza akamwita mkewe.

"Mama Yustina, jaribu kwa vidole."

Eufrazia akashika nati kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Akajaribu ya pili, na ya tatu. Juu yake, mahali pake pale pale, Yustina alikuwa amelala usingizi, kichwa begani kwa Demetria.

Waliondoka. Pikapu ikaingia kwenye shimo, ikatoka, na nyuma hapakulia kitu. Kornelio alingoja. Baadaye akamtupia mkewe jicho.

"Vipi, leo huulizi?"

"Niache," alisema Eufrazia. "Nasikiliza."